Saba Yenye Mshipi

Jumamosi, mjini Brockton, theluji ya Machi inageuka tope.
Bibi Thibodeau anauza vitu vya marehemu mumewe
juu ya meza mbili ndani ya gereji:
bilauri za bia, keekee, redio iliyong'oka kitufe,
na chini ya meza, boksi.

Sisemi neno.
Mnunuzi akionyesha uchu, bei hupanda.
Nakinyanyua cha kushoto kama mtu aliyeokota jiwe:
kiatu cheusi, cha harusi na mazishi,
matundu madogomadogo yametarizi pua yake.
Ngozi ya farasi. Hiyo haikunjamani,
hufanya mawimbi tu, kama maji yaliyoguswa kwa kidole.

Kisha nakisoma toka chini kwenda juu, ndiyo desturi yangu.
Kisigino: raba ya kiwandani, haijawahi kubadilishwa,
vichwa vya misumari vingali vinang'aa.
Kiunoni mwa soli, muhuri wa chama cha wafanyakazi, nusu umefutika.
Mshono ni wa mashine ya mwisho mwisho, ile ya pupa.
Kwenye boksi, anwani ina tarakimu tano za posta,
basi si kabla ya sitini na tatu.
Na kiwanda kilifunga milango Juni, sitini na nne.
Mjuzi mwingine angekomea hapo,
angeandika mwaka, angelipa, angeondoka.

Mimi nafunua bitana.

Mama yangu, Ona, alishuka melini mwaka wa arobaini na tisa,
ametoka Lithuania kwa njia ya kambi za Ujerumani,
sanduku moja, na Kiingereza cha maneno tisa.
Wakampa kalamu na wino wa zambarau:
andika ndani ya kila kiatu namba, upana, kalibu.
Jozi mia sita kwa siku.
Akaandika saba kama alivyofunzwa shuleni kwao,
imefungwa mshipi kiunoni.
Gilhooly, nyapara, akamwita mbele ya wenzake:
"Hapa saba zetu hazivai mshipi."
Akaivua.
Ilikuwa wiki moja kabla ya Pasaka.

Kwa hiyo ndani ya daftari langu mna kanuni
ambayo wakusanyaji wengine hawana:
saba yenye mshipi, Novemba hadi Machi, majira yale ya baridi tu.
Miaka ishirini na sita ninatafuta.
Nimepata jozi nne.
Nyingine mia na thelathini ni kelele zilizonisindikiza;
mke wangu, Noreen, anasema tumepangisha miguu ya wafu
na hakuna hata mmoja anayelipa kodi.

Nafunua bitana, nasema.
Kumi. D. Kalibu 177.
Wino wa zambarau.
Saba mbili, na zote mbili
zimefunga mshipi.

Narudi kwenye kisigino. Narudi kwenye boksi.
Labda boksi ni la jozi nyingine? Namba zinalingana.
Labda fundi alibadilisha raba?
"Alivivaa mara moja," anasema Bibi Thibodeau,
"vikambana. Alikuwa mbishi, lakini si kwa vidole vyake."
Mara moja. Basi kisigino hakidanganyi.
Na mwandiko ule naujua kuliko wangu.

Juni, sitini na nne. Wiki ya mwisho.
Nilikuwa na miaka tisa; nakumbuka alirudi nyumbani mapema,
akaosha vidole kwa limau, wino haukutoka,
akakaanga viazi, akaimba kitu.
Hakutueleza.

"Ni vya zamani sana?" bibi anauliza.
"Kidogo."
"Dola saba, basi."
Nampa kumi, natoka, nasahau chenji;
ananikimbilia kwa ndara katika tope, noti tatu mkononi.

Ndani ya gari nafungua daftari.
Rangi. Kalibu. Mwaka. Bei.
Kalamu inaandika saba, yangu, ya Kimarekani, uchi,
inainuka kuondoka,
halafu inarudi.